Deka ya watoto isiwanyime usingizi

  Mwezi huu tuweke kando mambo ya mitoko na zawadi, tuingie chumbani. Si chumbani kwenu, la hasha! Chumbani kwa watoto. Lakini ukinifuata mpaka mwisho utaona kwamba vyumba hivi viwili vina undugu wa karibu sana.

Wengi wetu vijana wa mjini tunaanzia maisha kwenye nyumba ya kupanga, vyumba viwili na sebule. Mtoto wa kwanza analala na ninyi. Akija wa pili, yule wa kwanza anahamishiwa chumba cha pili, ambako tayari kuna dada wa kazi, masanduku, meza ya pasi na godoro la mgeni. Wa pili naye anafikisha miaka minne bado yuko katikati ya baba na mama, kalala mshazari, mguu mmoja mbavuni mwa baba. Hapo ndipo mama anaanza kuwa mkali bila sababu, na baba anagundua ghafla kwamba anapenda sana mpira wa usiku wa manane. Ukiwauliza watasema ni uchovu wa kazi. Uchovu upo, sikatai, lakini na nafasi ya watu wawili kuzungumza na kushikana mkono haipo.

Ndiyo maana nasema kitanda cha watoto ni jambo la ndoa. Na kwa chumba kidogo, kitanda kinachowafaa wengi ni deka, kile kile tulicholala bwenini enzi za shule. Tofauti ni kwamba bwenini tulikuwa wakubwa, na bado kuna waliodondoka. Nyumbani tunamlaza mtoto mdogo, kwa hiyo tusinunue kwa macho tu.

HESABU YA NAFASI

Chukua chumba cha futi 10 kwa 10, yaani futi za mraba 100. Vitanda viwili vya futi tatu na nusu kwa sita vinakula futi za mraba 42. Ukiweka kabati na meza ya kufanyia hesabu, watoto watakuwa wanapishana kwa ubavu. Deka moja ya ukubwa huo huo inakula 21 tu. Umeokoa nafasi ya kitanda kizima, na hapo panatosha mkeka wa kuchezea na kona ya dada kutandika.

Wapo wanaosema wataongeza kitanda cha tatu cha kuvuta chini, kile chenye magurudumu. Ni wazo zuri kwa mgeni au binamu wa likizo. Ila pima kwanza: kikivutwa nje kinachukua sakafu yote iliyobaki, na anayeshuka kutoka juu usiku asije akamkanyaga mwenzake kichwani.

NDOA ILIYONUNA KWA SABABU YA DEKA

Nina marafiki zangu, mume na mke, wote wafanyakazi wa ofisini, wanaishi Kinondoni. Wana binti wa miaka minane na mvulana wa miaka minne. Mwaka jana baba, akiwa anatoka kazini, aliona deka ya chuma kando ya barabara, imepigwa rangi ya bluu inayong'aa, bei nzuri. Akaelewana na muuzaji, akaipakia kwenye kirikuu, akaingia nayo nyumbani kama mtu aliyerudi na ng'ombe wa mahari.

Mama watoto akaizunguka, akaishika nguzo na kuitikisa. Ikayumba. Akasema maneno matano tu: "Wanangu hawalali hapa, baba Neema." Basi, moto ukawaka. Baba akaona hela yake imedharauliwa. Mama akaona watoto wake wamefanywa kitu cha majaribio. Wiki mbili deka ikasimama tupu, nguo za kufua zikitundikwa juu yake, na wenyewe wakizungumza habari za ada na gesi tu.

Waliponiita niamue, niliwaambia mimi si hakimu, leteni tepu. Tukapima. Ukingo wa kitanda cha juu ulikuwa umeinuka inchi 7 kutoka kwenye chaga. Godoro walilonunua lilikuwa la inchi 6. Maana yake, godoro likishawekwa, kinachomzuia mtoto asianguke ni inchi moja! Tukapima uwazi kati ya bomba na bomba kwenye ukingo ule: inchi tano na nusu. Upande wa ukutani hapakuwa na ukingo kabisa.

Hapo kelele zikaisha zenyewe. Mama hakuwa mbishi, na baba hakuwa bahili. Palikuwa na inchi zisizotosha, na inchi hazina upande wa kuegemea. Baba mwenyewe alitafuta fundi wa kuchomelea, akaongeza ukingo na bomba za katikati, akatia bomba la mshazari upande wa nyuma ili kitanda kisiyumbe, kisha wakakifunga ukutani kwa bolti. Mama naye akakubali godoro la inchi 4 kwa juu, lile la inchi 6 likashuka chini kwa mvulana. Gharama ya ziada ilikuwa ndogo kuliko ya kununua kingine. Na la muhimu zaidi, hakuna aliyeshindwa.

Nimeisimulia kwa sababu nyumba nyingi zinagombana juu ya ladha na bei, wakati jibu liko kwenye tepu. Sasa tuone ni vipimo gani.

NANI ALALE JUU?

Mtoto ambaye hajafikisha miaka sita asilale juu. Hili si wazo langu. Marekani, sheria ya usalama wa vitanda vya deka iliyoanza kutumika Juni 2000 inamlazimisha mtengenezaji kubandika onyo hilo kwenye kitanda. Mwaka 2008 jarida la madaktari wa watoto la huko, Pediatrics, lilichapisha utafiti wa ajali za deka za kati ya mwaka 1990 na 2005. Ulionyesha kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 36,000 walikuwa wakipelekwa hospitali kwa ajali hizo. Karibu robo tatu walikuwa wameanguka, na nusu ya walioumia walikuwa chini ya miaka sita.

Kwa nini sita? Mtoto mdogo anageuka sana usingizini, na akiamka kwenda kujisaidia hakumbuki haraka kama yuko juu. Kwa hiyo, hata mdogo akilia machozi ya damu kwamba naye anataka juu, mjibuni kwa sauti moja. Ole wenu mama akisema hapana halafu baba akasema "muache tu leo, ni wikiendi". Mtoto akishajua mlango uko wapi, atapita hapo hapo kila siku.

Wanaolala juu wawe mmoja tu, si wawili. Na kama ni kaka na dada, kumbukeni deka ina muda wake. Wazazi wa Kiislamu wanajua kwamba mafundisho yanataka watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka 10, na wazazi wengine nao hufikiria hivyo hivyo wanapoona watoto wanakua. Kwa hiyo chagua deka inayoweza kutenganishwa ikawa vitanda viwili. Hapo utakuwa umenunua mara moja tu.

PANGABOI, ADUI ASIYETAJWA

Vitabu vya wenzetu wa nchi za baridi havisemi sana habari hii, lakini sisi wa Dar, Tanga, Mombasa na Zanzibar tusipoisema nani ataisema? Juu ya deka kuna pangaboi linazunguka.

Fanya hesabu nami. Dari la futi 9 ni inchi 108. Kama sehemu ya juu ya godoro la juu iko futi 5 na inchi 4, hiyo ni inchi 64. Zinabaki inchi 44 mpaka darini. Si haba, mtoto anakaa vizuri bila kugonga kichwa. Lakini pangaboi linaning'inia kama futi moja kutoka darini. Sasa zimebaki inchi 32 tu mpaka kwenye mapanga. Mtoto wa miaka minane akikaa kitandani akainua mikono avae fulana, vidole vimefika.

Utasema, "Lakini kitanda kiko ukutani, pangaboi liko katikati ya chumba." Haya, tupime tena. Katika chumba cha futi 10, katikati ni inchi 60 kutoka ukutani. Pangaboi la inchi 56, ambalo ni la kawaida, linafika inchi 28 kila upande. Kwa hiyo ncha ya panga iko inchi 32 kutoka ukutani, na kitanda cha futi tatu na nusu kinafika inchi 42. Panga linapita juu ya godoro kwa inchi 10 nzima!

Usicheze na hili. Kama hesabu ya chumba chako inatoka hivyo, ondoa pangaboi, weka feni ya ukutani upande wa pili au ya kusimama, yenye wavu mdogo usiopitisha vidole. Kama mwenye nyumba hataki liguswe, basi katisha waya wake kwa fundi umeme aliyesomea kazi hiyo, lisiwashwe kabisa. Kubandika tepu kwenye swichi hakutoshi, mtoto ataibandua.

Taa nayo ni hivyo hivyo. Globu ya moto isiwe karibu na mto wa wa juu. Na deka isikae dirishani, hata kama dirisha lina nondo. Neti ya dirisha haimzuii mtoto, inazuia mbu tu.

UKINGO: INCHI TANO NA TATU NA NUSU

Kariri namba hizi mbili, ziandike hata kwenye simu.

Ya kwanza ni tano. Ukingo wa kitanda cha juu uzidi godoro kwa inchi 5 au zaidi, godoro likiwa limeshawekwa. Wengi wanapima bila godoro, ndiyo maana wanadanganyika. Ukingo wa inchi 10 juu ya chaga na godoro la inchi 4, zinabaki 6, safi. Ukingo huo huo na godoro la inchi 8, zinabaki 2, hatari. Kwa hiyo godoro nene lenye raha mpe wa chini, wa juu apate jembamba lililo gumu kidogo.

Ya pili ni tatu na nusu. Uwazi wowote kwenye ukingo, au kati ya ukingo na chaga, usiruhusu kitu cha inchi 3.5 kupita. Sababu yake inatisha kidogo, lakini ni vizuri uijue. Mtoto anayegeuka usingizini hutanguliza miguu. Miguu ikipita, kiwiliwili kinafuata kwa sababu ni laini, halafu kichwa kinakwama, naye amening'inia. Uwazi mdogo hauruhusu hata kiwiliwili. Kata kipande cha kadibodi cha inchi 3.5 kila upande, nenda nacho dukani. Kikipita popote, mwambie muuzaji aongeze fito.

Na ukingo uwe pande zote mbili, hata ukutani. Usidhani ukuta unatosha. Kitanda husogea taratibu, siku moja pengo linakuwa la kutosha mtoto kutumbukia na kubanwa. Upande wa nje pekee ndio unaoachwa nafasi ya kupandia, nayo isizidi inchi 15.

MBAO AU CHUMA?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, hasa na akina baba. Jibu langu: kitanda kibaya ni kibaya hata kama ni cha mninga.

Mninga na msaji ni mbao nzuri, nzito, hazisumbuliwi sana na wadudu, ila mfuko lazima uwe umejaa. Paini ni nafuu na nyepesi, inafaa kabisa kama imekauka vizuri na haina vifundo vikubwa kwenye mifumbati. Mbao mbichi ndiyo balaa. Inapokauka ndani ya nyumba yako inajipinda, viungo vinalegea, usiku mtoto akigeuka kinalia kama mlango wa gofu. Ukienda Keko pale Dar es Salaam, au kwa fundi yeyote wa mtaani kwako, omba kuona mbao kabla haijapigwa vanishi. Vanishi na rangi huficha mengi.

Tendegu ziungane na mifumbati kwa bolti na nati zinazopita mpaka upande wa pili. Misumari na gundi peke yake havitoshi kwa kitanda kinachopandwa kila siku. Chaga zifungwe kwa skrubu, kwa sababu yule wa chini lazima atampiga mwenzake mateke kutokea chini, ndiyo dunia yao, na chaga isiyofungwa inaruka pamoja na godoro.

Chuma kina faida zake. Kunguni hawana mianya mingi ya kujificha, na bei huwa nafuu. Lakini angalia mahali palipochomelewa: pawe pamezunguka bomba lote, si vidonda viwili vitatu. Pitisha kiganja uone kama kuna makali. Miguu iwe na mpira chini, isikwaruze sakafu wala kuteleza. Sisi wa pwani tuongeze moja: kutu. Hewa ya chumvi inakula chuma kimya kimya, kwa hiyo kila mwaka kagua, kwangua, piga rangi upya. Rangi yenyewe, iwe ya chuma au mbao, iwe isiyo na madini ya risasi, maana watoto hung'ata ukingo kama muwa.

Ngazi nayo iwe imefungwa, siyo ya kuegemeza. Vidato viwe bapa na vipishane sawasawa. Nguzo nyembamba za mviringo zinaumiza nyayo na zinateleza. Kama nafasi ipo, ngazi ya droo ni nzuri zaidi, unapanda na unahifadhi sare za shule humo humo.

NETI NA KAMBA

Deka isiwe sababu ya kuacha chandarua. Malaria haijali nani yuko juu. Tumia vyandarua viwili vya pembe nne. Cha chini kifungwe kwenye mifumbati ya kitanda cha juu kwa upande wa ndani, kichomekwe chini ya godoro. Cha juu kifungwe darini kwenye pembe nne, kwa kamba fupi zisizoning'inia, na kisikaribie feni.

Zaidi ya hapo, hakuna kamba kwenye deka. Mkanda wa shule, mtandio, kamba ya kurukia, begi lenye mikanda mirefu, vyote vipate msumari wao mlangoni. Kamba iliyofungwa juu na mtoto aliye chini ni mchanganyiko usiotakiwa. Shuka lisining'inizwe kuwa pazia kwa kufungwa shingo la nguzo.

KABLA HUJATOA HELA

Nendeni wawili. Mmoja akinunua, mwingine atakosoa. Mkinunua wote, mtatetea wote. Pandeni. Ndiyo, baba na suti yako, panda mpaka juu. Kitanda kisichokubali mtu mzima kukaa juu yake dakika tano hakitakubali watoto miaka mitano. Mmoja akiwa juu, mwingine akitikise kwa upande. Ulizeni bei ikiwa pamoja na usafiri na kufungwa nyumbani, maana deka iliyofungwa vibaya ni sawa na deka mbovu. Na mkishaifunga, andikeni kwenye kalenda: kila miezi mitatu kukaza nati zote. Iwe kazi ya baba na mtoto mkubwa, Jumamosi asubuhi, dakika kumi tu.

Wiki ya kwanza mdogo atarudi chumbani kwenu saa tisa usiku na mto wake. Msimfokee. Mrudisheni taratibu, kaeni naye kidogo, acheni taa ndogo. Kesho atarudi tena. Mrudisheni tena, kwa zamu, siyo mama peke yake. Wiki ya pili au ya tatu mtaamka asubuhi mmelala wawili, kitanda kimekuwa kipana kuliko mlivyokikumbuka, na mtajiuliza mseme nini. Anzeni na habari za asubuhi, mengine yatakuja yenyewe.

Kama unatafuta deka mwezi huu, beba tepu, kadibodi ya inchi tatu na nusu, na mwenza wako. Tukutane toleo lijalo, panapo majaaliwa.